Mayai ya Bi Shuruti katika Nchi ya Duarani

Nchi ya Duarani haifikiwi kwa basi, na waliowahi kufika hukataa kueleza walipitia wapi. Wasomaji wanaopenda habari za vituo, mizigo na matairi kupasuka watatuwia radhi. Tumkute Mwasiti akiwa amekwisha kufika, amesimama mpakani na kikapu mkononi, na ndani ya kikapu kuku mweusi akimtazama afisa wa mpaka kwa dharau.

"Umekua?" aliuliza afisa.

"Kwa urefu, niliacha nikiwa kidato cha tatu," alijibu Mwasiti.

Afisa hakutabasamu. Alimweleza kwa upole kwamba huku hiyo ndiyo salamu, na kwamba jibu lake ni moja tu, "Nimekua", hata mtu akiwa na homa, hata akiwa msibani. Kujibu "bado" ni kosa, na adhabu yake ni kushauriwa mchana kutwa. Mwasiti akasalimiwa upya, akakua, akaruhusiwa kusogea mbele.

Inafaa kueleza hapa kwa nini mtu mwenye akili zake alisafiri na kuku anayeatamia. Kwao, Mwasiti alikuwa mtangazaji wa kuku. Yaani alikaa uani na simu yake akaeleza mambo ya kuku wake kwa sauti ya mtangazaji wa mpira: nani kamnyang'anya nani punje, jogoo gani kaotea, tetea gani kacheza rafu karibu na pipa la maji. Watu walilipa ada ndogo kila mwezi ili waingie kwenye ukurasa wake wasikilize. Walikuwamo wauguzi wa zamu, walinzi wa mageti, na fundi cherehani mmoja, Mama Zuhra, aliyeapa kwamba mashine yake haishoni vizuri bila kuku wa Mwasiti.

Sasa wanachama hao wote walikuwa na neno moja mdomoni, nalo ni Bi Shuruti. Kuku huyo alikutwa ameatamia mayai nyuma ya tangi la maji. Mayai hayakuwa yake, na hakuna aliyejua ni ya nani. Siku za kuku kuangua zilipita, mayai kimya, na Bi Shuruti hakubanduka. Wanachama wakagawanyika. Wengine walisema yameoza, wengine walisema ni ya kenge, na mwalimu mmoja mstaafu alisema ni ya mbuni, akaombwa aeleze mbuni alivyoruka ukuta. Mwasiti aliwaahidi wote kwamba atawaonyesha mwisho wake, hata ukiwa mbaya.

Lakini wanachama hawakuwa wanaongezeka, na jambo hilo lilimkera. Ndipo akaliona tangazo: "Njoo Duarani, nchi ambayo hakuna anayefikiri peke yake." Akaona bora aende akashauriwe. Bi Shuruti alibebwa na mayai yake kwa sababu nyumbani alikuwapo kaka mtu, ambaye kila alipoyatazama mayai yale alikwenda kutafuta chumvi.

Afisa wa mpaka alifunga kikapu kwa utepe mwekundu.

"Hii ni kazi isiyoshauriwa," alisema. "Kwa mujibu wa sheria, kila mtengenezaji wa jambo lolote la kulipiwa kwa mwezi atakuwa ndani ya Duara la watu watano, na hataonyesha kitu mpaka Duara lake limemshauri."

"Na kuku atakula saa ngapi?"

"Baada ya ajenda."

Mji wenyewe ulikuwa mzuri sana, hasa kwa mtu anayepita haraka. Nyumba zilikuwa na milango ya nakshi ambayo Mwasiti hakuwahi kuona mfano wake, lakini nyuma ya mlango hapakuwa na nyumba. Palikuwa na shamba la mihogo, na familia imekaa chini ya mwavuli ikingoja ushauri kuhusu madirisha. Vinyozi walikuwa hodari mno, ila wateja wao walitembea wamenyolewa upande mmoja. Penye kona ya soko kijana mmoja aliimba, "Ewe mpenzi wangu, nisikilize," kwa sauti iliyomsimamisha Mwasiti nywele, kisha akainama, akakunja mkeka.

"Nimesikiliza," alisema Mwasiti. "Ulikuwa unataka kumwambia nini?"

"Hapo ndipo tulipofikia," alijibu mwimbaji.

Mwasiti alipangiwa kulala kwa Chande, mpishi, mwanachama wa Duara aliloingizwa. Chande alikuwa mtu mnene wa sauti na mwembamba wa mwili. Alimpokea kikapu kwa mikono miwili, kama anapokea mtoto.

"Karibu, dada. Umekua?"

"Nimekua, kaka. Na nina njaa."

"Basi umekuja siku yake. Leo ni pilau."

Akaleta sahani ya vitunguu. Vilikuwa vimekaangwa mpaka rangi ya shaba, vimekauka vizuri, vinanukia kiasi kwamba hata Bi Shuruti aligeuza shingo. Mwasiti alivila kwa heshima akingoja kinachofuata. Hakikufuata kitu.

"Kaka Chande, pilau iko wapi?"

"Ndiyo inavyoanza hivyo."

"Na mchele?"

Chande aliinuka kidogo ili aonyeshe alichokikalia. Lilikuwa gunia la mchele, limeshonwa mdomo, jipya kabisa isipokuwa pale katikati palipobonyea.

Akaeleza bila uchungu wowote. Kila mtu wa Duarani hupata zamu ya kuonyesha kazi yake mbele ya Duara. Anapoanza tu, Kiranja hupuliza filimbi, na wenzake humshauri namna ya kuanza vizuri zaidi. Huyo hurekebisha, akarudi zamu ijayo, akaanza tena, akapulizwa filimbi. Miaka yote Chande hajavuka kitunguu.

"Lakini kitunguu changu sasa kinajulikana," alisema.

"Wewe mwenyewe umewahi kula pilau?"

Chande alifikiri. "Nimewahi kuinusa. Nilikuwa mdogo, Maduara hayajaanzishwa."

"Na wanaokulipia kila mwezi ni akina nani?"

"Wenzangu wa Duara. Bi Mvuto, Bwana Takwimu na Kiranja Makuzi."

"Na wao wanalipiwa na nani?"

"Na mimi," alisema Chande, akamwonyesha sarafu. Ilikuwa ni ileile, ikitoka kwake kwenda kwa Bi Mvuto, kwa Takwimu, kwa Kiranja, na kurudi. Ilikuwa imezunguka mpaka picha yake imefutika, laini kama kokoto ya mtoni.

"Palikuwa na wa tano," aliongeza, "lakini amehamia Duara linalowashauri watu namna ya kukaa ndani ya Duara."

Asubuhi yake, wakati wa chai, kikapu kiligonga. Mwasiti aliweka sikio. Ndani ya mayai mtu alikuwa anabisha hodi, taratibu, tik, tik. Bi Shuruti alivimba mara mbili ya ukubwa wake.

"Yanaanguliwa leo," alisema Mwasiti. "Kaka, hiki kikapu kisipoe."

"Leo ni kikao," alisema Chande, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipungua unene.

Duara lilikutana chini ya banda la bati. Katikati palikuwa na kigoda, na mbele ya kigoda beseni la chai. Beseni hilo lina sheria yake, inayoitwa Sheria ya Vijiko Viwili. Anayetaka kumkosoa mwenzake humtilia kijiko kimoja cha sukari kwanza, hukosoa, kisha humtilia cha pili. Ndiyo maana watu wa Duarani huishi bila chakula: wanakosoana sana. Mtu ambaye chai yake haina sukari huonewa huruma, maana hana marafiki.

Kiranja Makuzi alikuwa amevaa suruali iliyonyooshwa ikasimama yenyewe, na filimbi shingoni. Bi Mvuto alikuwa mtaalamu wa kuvuta watu. Bwana Takwimu alikuwa mtaalamu wa kuwahesabu wakishavutwa, kazi ambayo haikumchosha. Chande alikaa pembeni na jiko lake na gunia lake, kwa sababu zamu iliyofuata ilikuwa yake.

Mwasiti akakaa kigodani na kikapu mapajani.

"Huyu ni Bi Shuruti," alianza, "na haya mayai..."

Filimbi ikalia.

"Ufunguzi mzuri," alisema Bi Mvuto, akatia kijiko cha kwanza. "Lakini 'huyu' haivuti. Anza na chozi. Kuku analia, hatujui kwa nini."

"Kuku halii, bibi."

"Atafundishwa." Akatia kijiko cha pili.

Bwana Takwimu akatia kijiko. "Kazi njema kabisa. Ila jina la Shuruti linatisha. Watu wanapenda paka. Tunaweza kumwacha kuku lakini tumwite paka?" Akatia kijiko.

"Anza bila mayai," alisema Kiranja, sukari ikimiminika. "Watu waulize, mayai yako wapi? Halafu zamu ijayo tuangalie kama watu wameuliza."

Tik, tik, kikafanya kikapu. Mwasiti alisema mayai hayawezi kungoja zamu ijayo, kwa kuwa wenyewe wako mlangoni. Alisema ana wanachama huko kwao waliongoja kwa wiki nyingi, na aliwaahidi.

Kiranja alisikiliza mpaka mwisho, jambo lililowashangaza wenzake. Kisha akatoa uamuzi. Kwa kuwa kazi ilikuwa inajaribu kuendelea kabla haijashauriwa namna ya kuanza, mayai yatatengwa na kuku na kuhifadhiwa katika Chumba cha Matayarisho, ambacho ni cha mawe na chenye ubaridi wa kutosha, hadi ufunguzi upitishwe.

"Yakipoa yanakufa," alisema Mwasiti.

"Huo ndio ufunguzi," alisema Bi Mvuto kwa furaha ya kweli. "Anza na hapo."

Chande alikuwa anakata vitunguu. Aliacha kukata. Kiranja alisimama, akanyoosha mikono kuelekea kikapu, na Bi Shuruti akakohoa kwa namna ambayo kwao majirani walikuwa wanaijua.

Mwasiti aliitazama ile mikono. Alikuwa amesoma shule ya bweni miaka minne, na kama kuna kitu alikipata huko kwa uhakika, ni namna ya kumtii kiranja mpaka ajute.

"Nakubali, Kiranja," alisema. "Nina ombi dogo tu. Uamuzi huo umeshauriwa?"

Mikono ya Kiranja ikasimama hewani.

"Uamuzi upi?"

"Huo wa kuyachukua mayai. Mimi ni mgeni, huenda nimeelewa vibaya. Nilidhani hakuna jambo linaloonyeshwa hapa kabla ya kupita kigodani."

Kiranja alirudisha mikono yake. Uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa na mwanga. Hakuna kitu alichokipenda duniani kuliko mtu anayeijua sheria.

"Mgeni amekua," aliwaambia wenzake.

Basi Mwasiti akahamishwa kutoka kigodani pamoja na kikapu chake, akaenda kukaa karibu na joto la jiko la Chande, ambalo ndilo alilolitaka. Kiranja aliutamka uamuzi juu ya kigoda kitupu, wakaufunika kwa kitambaa ili usitoke. Wakausogezea beseni la chai. Uamuzi hauna mdomo, lakini sheria ni sheria.

"Uamuzi wenye nguvu," alisema Bi Mvuto, akiutilia sukari. "Lakini 'kwa kuwa' haivuti."

"Uanze na 'kwa heshima na taadhima'," alisema Takwimu.

"Heshima na taadhima za nani?" aliuliza Kiranja, akapuliza filimbi.

Walijadili hivyo hadi jua likawa juu ya bati. Palizuka hoja kwamba uamuzi uanze na chozi. Palizuka hoja kwamba uitwe paka. Kila mara ulipokaribia kuvuka sentensi ya kwanza filimbi ililia, na ndani ya kikapu, kila filimbi ilipolia, mayai yalijibu: pii, pii.

Mwasiti alikata utepe mwekundu kwa kisu cha Chande, akainua simu yake.

"Naam, wasikilizaji," alinong'ona, "tunawajia moja kwa moja kutoka ugenini. Uwanja umejaa. Bi Shuruti yuko golini. Yai la kushoto, naona ufa, ufa unatembea, unapita katikati..."

"Halafu?" alisema mtu.

Alikuwa Chande. Alikuwa amepiga magoti mwiko mkononi, uso umekaribia kikapu mpaka mvuke wa pumzi yake ulionekana kwenye ganda. Neno lenyewe lilimshtua, akageuka kuangalia nani kalisema.

"Halafu anatoa mdomo," alisema Mwasiti. "Tazama. Mdomo mpana. Mpana sana, wasikilizaji, huu si mdomo wa kuku."

"Halafu?"

"Halafu mguu. Ana ngozi kati ya vidole. Mwalimu, ondoa mbuni wako, Mama Zuhra, shika kitambaa. Ni mabata."

Wale watatu walikuwa bado wanajadili. Historia itaandika, kama ikipata ushauri wa namna ya kuanza, kwamba mabata wote walianguliwa, wakakauka manyoya, wakasimama na kujipanga mbele ya wataalamu watatu wa kuvuta watazamaji, na hakuna hata mmoja aliyetazama. Bi Shuruti ndiye aliyetazama. Alimtazama wa kwanza, akamtazama wa pili, akatazama miguu yao, akanyamaza kama mtu aliyepokea matokeo ya mtihani wa mwingine. Kisha akawafunika wote kwa mabawa. Alikuwa ameshaamua zamani.

Ndipo Kiranja akapuliza filimbi tena.

Vifaranga wale walikuwa wameisikia filimbi hiyo tangu wakiwa ndani ya ganda, asubuhi nzima, na kwa akili yao changa walikwisha kuamua kwamba ndiyo sauti ya mama. Wakachomoka chini ya mabawa na kumkimbilia Kiranja. Njiani walikutana na beseni la chai, ambayo ilikuwa imepoa na kuwa vuguvugu, wakaingia, wakaogelea, wakatokea upande wa pili wamenata sukari, wakajikusanya juu ya viatu vyake.

Kiranja alipuliza filimbi kuwafukuza. Wakasogea karibu zaidi. Akarudi nyuma, wakamfuata. Akazunguka kigoda, wakazunguka kwa mstari ulionyooka.

"Bwana Takwimu," alisema kwa sauti ndogo, "hawa ni nini?"

Takwimu aliwahesabu. "Ni wafuasi, Kiranja," alisema. "Na sioni popote kwamba umewalipia."

Bi Shuruti naye alikuwa amefika. Alikuwa amevumilia mayai ya wengine, safari, utepe na ajenda, lakini hakuwa tayari kunyang'anywa watoto na filimbi. Alimdonoa Kiranja kwenye kifundo cha mguu. Kiranja akapuliza kuomba msaada, vifaranga wakamng'ang'ania, Bi Shuruti akadonoa tena. Baada ya mizunguko kadhaa ya namna hiyo Kiranja aligundua uhusiano uliopo kati ya kupuliza na kudonolewa, akaivua filimbi shingoni na kuitia mfukoni. Amani ikarudi.

Lakini kitunguu cha Chande sasa kilikuwa kwenye mafuta. Kilikuwa kimefika rangi ya shaba, mahali pale ambapo filimbi hulia. Chande alisimama juu yake mwiko ukiwa hewani, akingoja. Hakuna kilicholia. Kitunguu kikaanza kukolea rangi.

"Kitaungua," alisema kwa hofu. "Dada Mwasiti, hapa sijawahi kufika. Sijui kinachofuata."

Wote waligeuka kumtazama, hata Bi Mvuto. Mwasiti alikuwa na ushauri. Alikuwa amekula pilau tangu ana meno mawili, na ulimi ulimwasha. Akaumeza ushauri huo, ukashuka kwa shida.

"Halafu?" alisema tu.

Chande alivuta pumzi. Kisha akatoboa gunia.

Harufu iliyotoka katika banda lile mchana huo haikuwa imewahi kunusika Duarani tangu sheria zitungwe. Ilianza na kitunguu, kama kawaida, kisha ikaendelea, na hilo ndilo lililowatoa watu majumbani, yaani chini ya miavuli yao. Walikuja wamenyolewa upande mmoja. Mwimbaji wa sokoni alikuja akiimba, "Ewe mpenzi wangu, nisikilize," na kwa kuwa hapakuwa na filimbi, alishangaa kujisikia akisema, "kesho nakuja kwenu na wajomba zangu." Dada mmoja kwenye foleni akajibu kwamba ilikuwa imechukua muda. Bi Mvuto alitazama foleni hiyo mara tatu kutafuta nani aliyeivuta.

Simu ya Mwasiti nayo ilikuwa inatetemeka. Mama Zuhra aliandika kwamba ameshona mkono wa gauni kwenye kola kwa sababu ya mabata hao, na kwamba hajuti. Wanachama hawakuongezeka siku hiyo ila mmoja. Chande aliitia sarafu yake laini ndani ya kiganja cha Mwasiti.

"Ya mwezi huu," alisema. "Nataka kujua watakavyokuwa wakubwa." Hiyo ilikuwa mara ya kwanza sarafu ile kutoka nje ya Duara, na hakuna aliyeona ikitoka, kwa sababu watu walikuwa wanaangalia sufuria.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Kiranja Makuzi, kwa cheo chake. Nyuma yake walisimama vifaranga kwa urefu, nyuma yao Bi Shuruti kwa ulinzi. Alinyoosha sahani, akasafisha koo.

"Chande, nina ushauri."

Chande alitazama kuzunguka, hakuona kopo la sukari. "Kula kwanza, Kiranja," alisema, akampakulia.

Kiranja alikula. Alianza kwa pembe ya mdomo, kama mkaguzi. Kisha akaacha kutazama watu. Alivuka tonge la kwanza, ambapo kwa desturi angepuliza, akapita katikati ya sahani, akafika upande wa pili, akakomba.

"Huo ushauri?" aliuliza Bi Mvuto.

Kiranja Makuzi aliirudisha sahani kwa Chande kwa mikono miwili.

"Aongeze," alisema.